Usiku mmoja Hamburg: makumbusho, samaki na muziki kwa kipimo cha mtu wa Mbale

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiandika neno Hamburg kwenye hati za mizigo bila kuujua mji wenyewe. Kazi yangu ni kuonja kahawa, na kahawa ya Mlima Masaba (Elgon) inayopita mikononi mwangu hapa Mbale, Uganda, huvuka mpaka Malaba, hupakiwa melini Mombasa, na sehemu yake huishia katika bandari hiyo ya Ujerumani iliyo kando ya mto Elbe, kilomita mia moja hivi kutoka baharini. Mwezi wa Aprili waajiri wangu walinipeleka huko kwa mafunzo ya siku sita, nami nikaongeza siku nne kwa gharama yangu ili niuone mji. Ninayoandika hapa ni tathmini ya siku hizo nne, na hasa ya usiku mmoja wa Jumamosi ulioanza makumbushoni saa kumi na mbili jioni na kumalizikia sokoni saa tatu na nusu asubuhi.

Msomaji ni vizuri ajue mambo mawili kuhusu huyu anayempa ushauri. Kwanza, mimi ni Mwislamu. Sinywi pombe wala sili nguruwe, kwa hiyo anayetafuta sifa za bia ya Kijerumani hatazipata hapa. Pili, nilikuwa na mwenyeji, mpwa wangu anayesoma huko, kijana mwenye miguu myepesi na subira haba, ambaye bila yeye nisingethubutu kukanyaga nusu ya mahali nitakapopataja.

Nitoe hukumu yangu mapema. Makumbusho ya Hamburg ni bora kuliko sifa zake. Chakula chake ni cha kawaida, ila samaki wake ni wa kusafiria. Starehe zake za usiku ni nzuri sana, lakini zinasifiwa kwa mtaa usiostahili sifa hizo, huku mitaa inayostahili ikitajwa kwa sauti ya chini.

Nianze na makumbusho, kwa kuwa ndiyo yaliyonipangia usiku wenyewe. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili, makumbusho mengi ya mji huu hufunguliwa pamoja kwa usiku mmoja, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku. Tiketi moja, ambayo sisi tuliipata kwa bei isiyofika euro 20, humwingiza mtu kote, na hiyohiyo huwa nauli ya treni, ya mabasi ya kawaida na ya mabasi maalumu yanayozunguka kutoka jumba moja hadi jingine. Euro moja ilikuwa zaidi ya shilingi 4,000 zetu, kwa hiyo hiyo si pesa ya kuchezea. Hata hivyo, ukiingia majumba matatu tu, tayari umepata thamani yake. Kosa la wageni wengi ni kutaka kuingia kumi. Niliwaona watu wakikimbia na ramani mkononi kama wanaotafuta mgonjwa hospitalini. Sisi tuliingia manne, na hilo la nne lilikuwa limezidi.

Jumba lililonishika kuliko yote ni makumbusho madogo ya Speicherstadt, yaani Mji wa Maghala. Eneo hili ni safu ndefu ya maghala ya matofali mekundu yenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, yaliyojengwa juu ya nguzo za mbao zilizokitwa kwenye tope, huku mifereji ya maji ikipita katikati ili mashua zipakue mizigo moja kwa moja ukutani. Lilizinduliwa mwaka 1888, wakati Hamburg ilipoingia katika eneo la forodha la Ujerumani kwa sharti la kubakiziwa sehemu ya bandari isiyotozwa ushuru, na ili kupata nafasi hiyo watu wapatao 20,000 walihamishwa makwao. Vita vya Pili vya Dunia viliharibu karibu nusu ya majengo, yakajengwa tena, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mtaa huo katika orodha ya urithi wa dunia. Leo sehemu kubwa ni ofisi, kumbi za maonyesho na maduka ya mazulia, lakini ukipita chini ya winchi zinazoning'inia kwenye mapaa huhitaji kuambiwa kazi iliyokuwa ikifanyika hapo.

Ndani ya ghala mojawapo wamepanga vifaa vya wafanyakazi wa zamani: mizani, ndoano za magunia, masanduku ya chai, mpira mbichi, kakao na, bila shaka, kahawa. Nilisimama mbele ya kichuma chenye ncha kali na mfereji katikati, kile tunachokichoma kwenye gunia ili punje chache ziteremke kiganjani, nikacheka peke yangu, kwa maana nilikuwa nimekiacha kama hicho kwenye droo ya meza yangu Mbale. Pembeni kulikuwa na meza ya kuchambulia buni, ambako wanawake waliketi siku nzima wakitoa punje mbovu moja moja. Mpwa wangu aliuliza kama kazi hiyo bado ipo. Nikamwambia aende kwenye kiwanda chochote cha kukoboa kahawa nyumbani msimu wa mavuno atawakuta wanawake hao hao, ila kwa kitenge. Maelezo mengi yameandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, wahudumu ni wacheshi, na mwisho wa wiki hufanyika vikao vya kuonja kahawa ambavyo hata mtu asiye wa fani atavifurahia. Kasoro yake ni moja: simulizi linaanzia gati la Hamburg. Gunia linatokea melini kana kwamba limeota baharini. Mkulima aliyelijaza hayumo, au yumo kwa kimo cha picha moja ukutani.

Kwa sababu hiyo nafurahi kwamba tulikuwa tumeanzia MARKK, makumbusho ya tamaduni za dunia yaliyo mtaa wa Rothenbaum, kwani huko swali la vitu vilitoka wapi na vilifikaje linaulizwa waziwazi. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1879 na kwa zaidi ya karne moja ilibeba jina la kizamani la makumbusho ya elimu ya makabila, hadi lilipobadilishwa mwaka 2018. Ilikuwa na mkusanyiko mkubwa wa shaba na pembe za ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Mwishoni mwa mwaka 2022 Hamburg ilihamishia Nigeria umiliki wa vitu 179, baadhi vikibaki Ujerumani kwa mkopo wa mwenye mali. Mganda akisoma hayo hawezi kuacha kulinganisha. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda pale Kitante, lakini vilikuja kwa mkopo, yaani sisi ndio tuliokopeshwa vya kwetu. Kwa upande wa Hamburg mkopo umegeuka, na nadhani huo ndio utaratibu unaostahili kuigwa.

Kuna uhusiano mwingine wa mji huu na sisi ambao sikuukuta kwenye kabati lolote, ingawa ungependeza sana hapo. Katikati ya karne ya 19 nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi Zanzibar, na moja ya bidhaa zilizoitajirisha ni simbi, zile kombe ndogo za pwani, ambazo ilizisafirisha kwa shehena hadi Afrika Magharibi zikatumike kama fedha. Simbi za pwani yetu ziliingia bara pia, na kwa Kiganda hadi leo fedha huitwa ensimbi. Mpwa wangu, aliyekulia Kampala na kutumia neno hilo kila siku ya maisha yake, hakuwa amewahi kujiuliza lilitoka wapi.

Jumba la tatu, Makumbusho ya Kimataifa ya Bahari, nitalipitia haraka. Limo ndani ya ghala la mwaka 1879, lina ghorofa nyingi zilizojaa meli za mfano, na limetokana na ukusanyaji wa mtu mmoja, Peter Tamm, ambaye kwa kweli hakujua neno "inatosha". Wapenzi wa meli watalia kwa furaha. Mimi nilichoka kufikia ghorofa ya nne, ingawa sitasahau meli ndogo zilizochongwa na wafungwa wa vita kwa mifupa iliyobaki kwenye chakula chao, wala mtumbwi wa gogo wa zaidi ya miaka 3,000 ambao mvuvi yeyote wa Ziwa Kyoga angeupanda leo bila kuuliza maswali.

La nne lilikuwa Kunsthalle, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1869, tulilolifikia zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano. Ni dharau kuliingia jumba kama hilo kwa dakika hizo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mchoro wa Caspar David Friedrich wa mwaka 1818 hivi, wa mtu aliyesimama juu ya mwamba akiwa ameupa mgongo umma, huku ukungu umejaa mabondeni chini yake. Wataalamu wameandika mengi kuhusu maana yake. Mtu wa Mbale atakuwa na maneno machache tu: hivyo ndivyo unavyosimama juu ya mlima wetu wa Wanale asubuhi, mji ukiwa umefunikwa na pamba. Nilirudi Jumatatu kuulizia siku nyingine ya kuja, nikakuta pamefungwa, kwani makumbusho mengi ya huko hupumzika siku hiyo. Panga safari yako ukilijua hilo.

Palipofunguliwa Jumatatu hiyo ni Miniatur Wunderland, na sina budi kukiri kwamba nilikwenda kwa shingo upande, nikidhani ni mahali pa watoto. Ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, waliifungua mwaka 2001 katika maghala hayo hayo, na imekuwa reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani, yenye milima, miji, bandari na hata uwanja wa ndege ambamo ndege ndogo zinapaa na kutua. Kila baada ya dakika kadhaa taa hufifia, usiku huingia, na madirisha maelfu ya nyumba ndogo huwaka. Tuliingia tukitarajia saa moja, tukatoka baada ya saa tatu na nusu. Nunua tiketi mapema kwenye intaneti, la sivyo utasimama foleni hadi miguu iwake moto.

Kuhusu Elbphilharmonie, lile jumba la muziki la kioo lililofunguliwa Januari 2017, nitasema kwa kifupi kwamba wenyeji wanalipenda na kulilalamikia kwa pumzi moja. Makadirio ya mwanzo ya fedha za umma yalikuwa euro milioni 77, na mji ukaishia kulipa karibu euro milioni 789. Wasimamizi wa miradi ya barabara nyumbani watajisikia wana ndugu Ulaya. Limejengwa juu ya ghala la zamani lililohifadhi kakao, chai na tumbaku, na ngazi ya umeme yenye urefu wa mita 82 inayopinda kidogo hukupandisha hadi ukumbi wa wazi wenye mandhari ya bandari nzima. Sikupata tiketi ya tamasha, kwa hiyo muziki wake nauachia waliousikia.

Chakula sasa. Hamburg ni mji wa samaki, na kwa Mwislamu msafiri hilo ni rehema, maana katika sehemu nyingine za Ujerumani nilikopita orodha ya chakula ilikuwa nguruwe juu ya nguruwe. Mlo wa kwanza kutafuta ni Fischbrötchen, mkate mdogo wa mviringo wenye ganda gumu, uliopasuliwa na kutiwa samaki baridi, vitunguu vibichi na tango la siki. Wapo wanaotia samaki aliyelowekwa kwenye siki, ambaye wanamwita Bismarck, na wapo wanaotia Matjes, heringi mchanga aliyekomazwa kwa chumvi hadi akawa laini kama siagi. Chagua Matjes. Mimi niliyezoea sangara wa kukaanga na ngege mzima wa Ggaba niliogopa samaki asiyeona moto, nikamuuma kwa macho yaliyofumbwa, nikala mitatu. Bei ilikuwa kati ya euro nne na sita, na mahali pazuri pa kula ni gatini Landungsbrücken, mradi ujihadhari na shakwe. Ndege hao hawana aibu. Mmoja alinyakua nusu ya mkate wa mama aliyesimama kando yetu kabla hajamaliza kulipa. Kalooli wetu wa Kampala ni wachafu na wana sura mbaya, lakini angalau husubiri utupe.

Mlo wa pili unaosifiwa ni Labskaus. Ulikuwa chakula cha mabaharia: nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwa na viazi hadi kulainika, kwa sababu safari zilikuwa ndefu na meno yalikuwa machache. Unaletewa rojorojo lenye rangi ya waridi, juu yake yai la kukaanga, pembeni kiazisukari chekundu, tango la siki na heringi aliyekunjwa. Fikiria katogo, ile ndizi yetu iliyopikwa pamoja na nyama, iliyopondwa na mtu mwenye hasira. Nilikula mara mbili katika mikahawa miwili tofauti, kwani sipendi kuhukumu kwa ushahidi mmoja. Mkahawa wa kwanza, uliokuwa na bendera za kitalii mlangoni, ulinipa kitu cha kopo kilichopashwa moto kwa haraka, kikiwa baridi katikati, kwa euro 19, na mhudumu alipoulizwa kama nyama ilikuwa ya ng'ombe pekee aliinua mabega na kuondoka. Mkahawa wa pili, wa ghorofa ya chini kwenye mtaa wa pembeni, mpishi mwenyewe alitoka jikoni akatueleza kila kilichomo. Huo ulikuwa mzuri, wenye chumvi ya kupimwa na ladha ya nyumbani kwa mtu fulani, ingawa si kwetu. Ulizia nyama kila mara, maana wengine huchanganya.

Asubuhi, mkate wa Franzbrötchen hautakuangusha. Ni andazi bapa la mdalasini na sukari iliyoungua kidogo, lenye matabaka, na husemekana jina lake linatokana na Wafaransa walioukalia mji huo zama za Napoleon. Kahawa ya kunywea nayo niliionja kwa pua ya kazini, na hukumu yangu ni kwamba wachomaji wadogo wa Hamburg ni hodari, ila wengi wanachoma kwa woga, hadi kikombe kinabaki na uchachu wa limau. Mahali pamoja waliniuzia Bugisu, yaani kahawa ya kwetu, kwa karibu euro nne kikombe. Nilikunywa polepole.

Ukichoka na samaki, nenda barabara ya Steindamm karibu na kituo kikuu cha treni, ambako Waafghani, Waturuki na Wairani wanapika nyama halali kwa wingi na kwa bei ya haki, na ambako maduka ya Kiafrika huuza unga, mihogo na ndizi. Mtaa huo si wa kupendeza usiku, na kuna walevi na wauza dawa karibu na kituo. Wali wa Kiafghani wenye zabibu na karoti niliokula pale, hata hivyo, ulikuwa mlo bora wa safari nzima, nami nalisema hili nikijua wenyeji watanuna.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Saa saba makumbusho yalifunga, tukapanda treni hadi St. Pauli, kwani mwisho wa wiki treni za mjini hutembea usiku kucha, jambo ambalo mtu wa kutegemea bodaboda saa tisa usiku hulipokea kwa machozi. Reeperbahn, barabara yenye jina kubwa, ina urefu wa mita 930. Jina lake linatokana na wasokotaji wa kamba za meli, waliohitaji njia ndefu iliyonyooka ili kuzisokota. Sasa kinachosokotwa hapo ni wageni. Taa ni nyingi, muziki ni wa makelele, makundi ya vijana wanaomuaga rafiki yao kabla ya harusi wanapita wakiwa wamevaa fulana zinazofanana, na kuna kichochoro, Herbertstraße, kilichozibwa kwa mageti ya chuma pande zote mbili, ambamo wanawake wanaofanya biashara ya miili hukaa madirishani na vijana walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Hatukuingia. Chupa za kioo haziruhusiwi barabarani usiku wa mwisho wa wiki, na polisi wa kituo cha Davidwache wako palepale kwenye kona, kwa hiyo sikuona hatari. Niliona uchovu tu.

Baa moja ilitutoza euro saba kwa soda isiyo na barafu. Klabu nyingine, ambayo sitaitaja jina, mlinzi alituambia kwamba ndani kuna shughuli ya watu maalumu, na kabla hatujageuka aliwafungulia vijana sita waliokuwa nyuma yetu bila kuwauliza lolote.

"Mjomba, usimjibu," mpwa wangu alisema kwa Kiswahili, "twende, huku siko."

Alikuwa sahihi. Kona chache kutoka hapo ni Große Freiheit, maana yake Uhuru Mkubwa, jina linalokumbusha enzi ambazo sehemu hiyo ilikuwa chini ya mji jirani wa Altona na watu waliruhusiwa dini na ufundi ambavyo Hamburg ilivizuia. Beatles walipiga muziki kwenye vilabu vya mtaa huo na jirani zake kuanzia Agosti 1960 hadi 1962, usiku baada ya usiku, na hapo ndipo walipokomaa. Bado kuna kumbi ndogo zenye bendi za moja kwa moja, na kiingilio si kikubwa.

Usiku wetu, hata hivyo, uliokolewa na jengo baya kuliko yote mjini. Ni ngome ya zege iliyo Feldstraße, iliyojengwa mwaka 1942 kwa ajili ya mizinga ya kutungulia ndege, kwa kuwatumikisha watu kwa lazima, na kuta zake zina unene wa hadi mita tatu na nusu. Kuibomoa kungetikisa mtaa mzima, kwa hiyo iliachwa, na mwaka 2024 bustani ilifunguliwa juu ya paa lake, yenye njia inayozunguka nje ya jengo hadi kileleni. Ndani yake kuna klabu inayoitwa Uebel & Gefährlich. Lile neno la kwanza ni ubaya na la pili ni hatari, na mtu akiambiwa hivyo na mpwa wake saa nane usiku huanza kusoma dua. Tulichokikuta ni ukumbi wenye sauti safi kuliko nyingine zote nilizowahi kusikia: besi inapita kifuani bila kuumiza masikio, na nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, hakuna kinachosikika. Majirani wa Kabalagala, mtaa wa vilabu wa Kampala, wangechanga pesa wapate ukuta kama huo. Watu wanacheza wakiwa wametazama mbele, kila mmoja na dunia yake, bila kuchaguana wala kusukumana, na hakuna aliyenitazama mara mbili kwa kunywa Fritz-Kola, soda ya wenyeji iliyozaliwa mjini humo na yenye kafeini ya kumwamsha hata aliyetoka Mbale.

Baadaye tulitembea hadi mtaa wa Schanze, ambako vijana hununua vinywaji kwenye vibanda na kusimama navyo kando ya barabara, wakizungumza hadi usiku unachanika. Ni kafunda, yaani kilabu kidogo cha mtaani, bila viti. Humo ndani, katika chumba kilichotosha watu arobaini labda, mpiga santuri aliweka gitaa la Kikongo la miaka ya themanini, nami nikasahau goti langu. Chumba hicho hakina jina mlangoni, na mpwa wangu ameniomba nisikieleze njia.

Kabla ya kufika sokoni, niseme neno kuhusu mahali ambapo si starehe wala chakula, lakini msomaji wa Kiswahili akikosa kufika atajuta. Ijumaa tulikwenda makaburi ya Ohlsdorf, yaliyofunguliwa mwaka 1877 na ambayo ni makubwa kiasi kwamba basi la mjini hupita ndani. Huko ndiko alikozikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyetoroka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mume mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, na kuishi ughaibuni hadi alipofariki mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar. Tulisoma Fatiha, ingawa alibatizwa. Mpwa wangu aliuliza kama inafaa, nami sikuwa na jibu la haraka.

Saa kumi na moja alfajiri soko la samaki linafunguliwa. Hufanyika kila Jumapili tangu mwaka 1703, majira ya joto likianza saa hiyo na majira ya baridi saa moja, na siku zote hufungwa saa tatu na nusu, kwa kuwa zamani wavuvi walitakiwa kumaliza biashara kabla ya ibada. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Waliotoka vilabuni walikuwa wakikutana na wazee walioamka mapema, wote wakila samaki wa moshi kwa mkono mmoja, na ndani ya jumba la mnada la mwaka 1896 bendi ilikuwa ikipiga roki kwa nguvu huku bibi mmoja mwenye mkongojo akicheza peke yake mbele ya jukwaa. Wauzaji hupiga kelele juu ya magari yao kwa ufundi ambao nilidhani ni wa soko la Owino la Kampala pekee: wanatukana bei ya jirani, wanawatania wateja, wanarusha bidhaa hewani. Kwa mahali pamoja penye samaki, muziki na historia, sijaona pa kulinganisha, na ni bure kuingia. Kama una usiku mmoja tu Hamburg, lala mapema na uje hapa saa kumi na moja. Hata Reeperbahn utakuwa umeiona, kwani yote huteremkia huku.

Muuzaji mmoja wa matunda alinichagua katikati ya umati, akanirushia kichala cha ndizi akinguruma maneno ambayo mpwa wangu alikataa kuyatafsiri, kisha akaongeza mananasi, machungwa na zabibu hadi kapu likajaa, yote kwa euro 12. Maduka ya Ujerumani hufungwa Jumapili, kwa hiyo hilo kapu ndilo lililokuwa chakula chetu cha mchana. Tulilala kwenye treni, tukapitiliza kituo, tukaamshwa na mlinzi mwishoni mwa njia, mtu mzima kutoka nchi ya matooke akiwa amekumbatia ndizi za Ecuador zisizo na ladha.